Kelele katika mfumo wa hali mbili thabiti: istilahi za mwanga na maada

Kelele ni nomino ambayo matumizi ya leo huipatanisha katika ngeli ya I-ZI: kelele hizi zinaudhi. Umbo makelele, lenye upatanisho wa YA, huongeza wingi na karaha: makelele haya yanaudhi. Katika mazungumzo ya kawaida neno hili hudhaniwa kutaja ukubwa wa sauti tu, lakini matumizi yake halisi yana jambo la ziada. Mtu aliyesimama katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mbele ya muuzaji wa mashati, huzungukwa na spika ndogo zinazorudia bei ileile, honi za bodaboda na sauti za wapagazi wanaoomba njia. Akisema hasikii kwa sababu ya kelele, hajapima ukubwa wa sauti. Amezigawa sauti makundi mawili: moja anayoitafuta, yaani bei ya shati, na nyingine zote ambazo hakuziomba na zinaifunika ile moja. Ngoma ya harusi ni kubwa kuliko kelele nyingi, na aliyealikwa haiiti kelele.

Mgawanyo huo ndio uliohamia katika fizikia. Mwanafizikia huita kelele mabadiliko madogo ya nasibu katika kiasi anachokipima, hata kama kiasi hicho hakina uhusiano wowote na masikio. Mwanga una kelele. Mkondo wa umeme katika waya una kelele. Kipimajoto kilicho makini sana, kikiwekwa katika chumba kilichofungwa, huonyesha namba zinazopanda na kushuka pasipo mtu kugusa kitu. Kiingereza kilihamisha neno lake la kawaida kwa njia hiyohiyo, na hakuna sababu ya Kiswahili kutafuta neno jingine. Tatizo la mfasiri linaanza baada ya hapo, kwa kuwa kelele katika fizikia imezungukwa na maneno jirani ambayo kila moja lina kazi yake, na kuyachanganya huharibu hoja nzima. Somo linaloonyesha hatari hiyo waziwazi ni lile la mifumo ya mwanga na maada yenye hali mbili thabiti, inayochunguzwa katika fizikia ya nusukipitishi.

Jirani wa kwanza ni chenga. Katika maduka ya nafaka ya Kariakoo chenga ni mchele uliovunjikavunjika, unaouzwa kwa bei nafuu kuliko mchele mzima. Kutoka hapo neno lilipanda juu ya kioo cha televisheni: picha iliyojaa vidoa vyeupe na vyeusi vinavyorukaruka iliitwa picha yenye chenga, na aliyekosea kuelekeza antena alisema anapata chenga tupu. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza, na tangu hapo televisheni mbovu haina chenga bali huganda. Neno hata hivyo limebaki, na wataalamu wa istilahi wangefanya vyema kuliokota. Mwaka 1918 mwanafizikia wa Ujerumani Walter Schottky alieleza kelele inayotokana na ukweli kwamba umeme hauji kama maji yanayotiririka bali kwa punje moja moja, elektroni baada ya elektroni. Aliita kwa neno la Kijerumani Schrot, risasi ndogondogo za bunduki ya ndege. Neno hilohilo kwa Wajerumani hutaja pia nafaka iliyovunjwavunjwa. Mwanga nao huja kwa punje, ziitwazo fotoni, na una kelele ya aina hiyo. Kelele ya chenga ni jina ambalo msikilizaji wa Kiswahili angelielewa kabla ya kufafanuliwa. Halijasanifiwa, na linapendekezwa hapa kwa sababu hiyo.

Jirani wa pili hana nomino nzuri. Wakazi wa Dar es Salaam, voltiji inapopanda na kushuka, husema umeme unacheza au unachezacheza, na wenye majokofu huenda Kariakoo kununua stabilaiza. Kitenzi kuchezacheza kinaeleza vizuri sana kile ambacho vitabu vya fizikia hukitaja kwa nomino: kuyumba kwa kiasi kuzunguka wastani wake. Nomino mtikisiko, inayotumiwa na baadhi ya wafasiri, imeshachukuliwa na matetemeko ya ardhi na uchumi, na humfanya msomaji afikirie pigo moja kubwa. Nomino mchezo haifai kwa sababu zilizo wazi. Ushauri ni kubaki na kitenzi: ukali wa mwanga huchezacheza kuzunguka kiwango chake cha wastani. Kiswahili hakilazimiki kugeuza kila tendo kuwa jina kwa kuwa lugha nyingine imefanya hivyo.

Sasa kuhusu thabiti. Mfumo huitwa wenye hali mbili thabiti ikiwa, chini ya masharti yaleyale ya nje, unaweza kukaa katika mojawapo ya hali mbili, na ukisukumwa kidogo hurejea ulikokuwa. Kivumishi imara hutumiwa mara nyingi mahali hapa, lakini imara hutaja nguvu ya kustahimili mzigo: daraja imara, ukuta imara. Thabiti hutaja kutobadilika, kama katika msimamo thabiti, na ndiyo maana inayotakiwa.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili umo katika ubao wa bao. Kete moja ikiwekwa katika shimo, hutulia chini. Ubao ukitikiswa kidogo, kete huchezacheza ndani ya shimo lake na kurudi katikati. Ubao ukitikiswa zaidi, kete huvuka ukingo na kuangukia shimo la jirani, ambako nako hutulia. Mashimo mawili ni hali mbili thabiti, ukingo ulio kati yake ni kizuizi, na mkono unaotikisa ni kelele. Karibu kila kinachosemwa katika makala za kitaalamu kuhusu kelele na hali mbili thabiti kinaweza kuelezwa kwa ubao huo.

Hapa pana mtego wa istilahi. Katika nusukipitishi, elektroni ikipokea nishati hupanda ngazi na kuacha nafasi tupu inayofanya kazi kama chaji chanya. Nafasi hiyo baadhi ya maandishi huiita shimo, na bonde la nishati ambamo kete yetu imetulia nalo huitwa shimo. Makala moja ikiyataja yote mawili kwa neno moja, msomaji hawezi kuokoka. Kiswahili kina tundu, ambalo ni nafasi iliyotobolewa na kuachwa wazi, na kina shimo, ambalo ni mahali palipodidimia penye chini yake. Elektroni huacha tundu. Kete hukaa shimoni. Tofauti hiyo ipo tayari katika lugha, na ni afadhali kuitumia kuliko kubuni.

Kifaa chenyewe kinajengwa hivi. Vioo viwili huwekwa vikitazamana kwa umbali unaokaribia maikromita moja, na katikati yake huwekwa tabaka nyembamba za nusukipitishi, mara nyingi galiamu arsenidi na jamaa zake. Fotoni inayoingia hurudishwa na kioo kimoja, kisha na kingine, mara nyingi kabla ya kutoroka. Ikimezwa na nusukipitishi huinua elektroni na kuacha tundu. Elektroni na tundu huvutana na kuzungukana kama jozi moja iitwayo eksitoni. Jozi hiyo ikivunjika hutoa fotoni, nayo hurudi vioo vilevile na kuzaa eksitoni nyingine. Mabadilishano haya yakiwa ya haraka kuliko upotevu, haina maana tena kuuliza kama kilichomo ndani ni mwanga au maada. Kimekuwa kitu cha tatu, polaritoni, chenye sehemu ya mwanga na sehemu ya maada. Claude Weisbuch na wenzake waliripoti kukiona katika vioo vya namna hiyo mwaka 1992.

Sehemu ya mwanga huifanya polaritoni iwe nyepesi na yenye kasi. Sehemu ya maada huifanya isukumane na wenzake, jambo ambalo fotoni peke yake halifanyi. Kusukumana huko ndiko kunakozaa hali mbili. Mtafiti huelekeza leza ambayo marudio yake yamezidi kidogo yale yanayokubaliwa na kifaa. Mwanzoni mwanga hauingii kwa wingi, kwa kuwa haulingani na mlango. Ukali ukiongezwa, polaritoni chache zilizoingia husukumana na kuyapandisha marudio ya kifaa kuelekea yale ya leza. Mlango unafunguka zaidi, zinaingia nyingi zaidi, marudio yanapanda zaidi, na ghafla kifaa kinaruka kutoka kwenye giza hadi kwenye mwanga mkali. Ukali ukipunguzwa baadaye, kifaa hakishuki mahali pale kilipopandia. Polaritoni zilizokwisha kuingia zinawashikia mlango wengine, na mwanga hubaki ndani mpaka ukali ushuke chini sana. Kuna vizingiti viwili, cha kupandia na cha kushukia. Kati yake, ukali uleule wa leza unaweza kukuta kifaa gizani au katika mwanga, kutegemea kilikotoka.

Tabia hiyo ya hali ya sasa kutegemea njia iliyopitwa huitwa histeresi. Neno lilibuniwa na James Alfred Ewing katika miaka ya 1880 alipochunguza usumaku wa chuma, akalitoa katika Kigiriki kwa maana ya kubaki nyuma. Wako wanaotaka liwe uchelewaji. Pendekezo hilo lina ubaya wake: uchelewaji ni suala la saa, wakati histeresi inaweza kuwapo hata mambo yakienda polepole kabisa. Pasi ya umeme inatosha kuonyesha. Kibati kilichomo ndani yake huchupa na kukata umeme joto likifika juu, lakini hakirudishi umeme mara joto linaposhuka nyuzi moja. Husubiri lishuke zaidi. Katika joto lililo kati ya vizingiti hivyo viwili, taa ya pasi yaweza kuwa imewaka au imezimika, na namba ya joto peke yake haimwambii mpigaji pasi chochote. Histeresi iachwe kama ilivyo, kwa tahajia ya Kiswahili. Mji wenye soko liitwalo Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, hauna haja ya kuona haya kwa neno la kukopa.

Historia ya uchunguzi huu ni fupi. Hali mbili thabiti za mwanga zilionekana kwanza katika mvuke wa sodiamu, kazi ya Hyatt Gibbs na wenzake mwaka 1976, kisha mwaka 1979 makundi mawili, moja Marekani na jingine Uskoti, yakaziona katika nusukipitishi. Matumaini yalikuwa makubwa kwamba kompyuta ingetumia mwanga badala ya umeme, giza likiwa sifuri na mwanga ukiwa moja. Kompyuta hiyo haijafika sokoni. Mwaka 2004 hali hizo zilipatikana kwa polaritoni, na swali likabadilika kutoka kwenye ujenzi wa mashine kwenda kwenye maana ya neno thabiti.

Katika hesabu isiyo na kelele, kete iliyo shimoni hukaa humo milele. Kelele ikiwapo, hakuna milele. Hendrik Kramers alionyesha mwaka 1940 kwamba muda wa wastani wa kusubiri kabla ya kete kuvuka ukingo hukua kwa kipeo: haufuati urefu wa ukingo kwa mstari ulionyooka, bali huzidishwa kila mara urefu huo, ukilinganishwa na nguvu ya kelele, unapoongezeka. Namba husaidia. Tuseme kete hujaribu kuvuka mara moja kila nanosekunde. Ukingo ukiwa mara 5 ya nguvu ya kelele, kete hungoja takribani nanosekunde 150. Ukiwa mara 10, hungoja maikrosekunde 22. Ukiwa mara 20, nusu sekunde. Ukiwa mara 30, saa tatu hivi. Ukiwa mara 40, zaidi ya miaka saba. Ukingo umeongezeka mara nane, na subira imetoka kwenye muda usioweza kuhisiwa hadi kwenye muda wa mtoto kuanza shule.

Kwa hiyo, mtu asemapo hali fulani ni thabiti, ni lazima aulizwe: kwa muda gani? Fizikia hutofautisha hali ambayo haitahamika kabisa na hali inayodumu kwa muda mrefu lakini siku moja itahama. Kwa hii ya pili kamusi za jumla hazimsaidii mfasiri, naye huishia kuandika nusu thabiti au thabiti kidogo. Yote mawili yanapotosha, kwa sababu hali hiyo haina udhaifu wowote wakati inapodumu. Kinachoikosesha ukamilifu ni muda. Thabiti ya kitambo ndiyo inayosema hivyo hasa, kwani kitambo ni muda usiotajwa kipimo chake, uwe mfupi au mrefu.

Suala hili si la ubishi wa maneno tu. Watafiti wakipandisha na kushusha ukali wa leza kwa haraka, kifaa huchora kitanzi kipana cha histeresi, kwa kuwa kelele hazipati nafasi ya kukirusha kabla ya kizingiti. Wakifanya hivyo polepole, kelele hupata muda wa kutosha, kifaa huruka mapema na kurudi mapema, na kitanzi husinyaa. Said Rodriguez na wenzake, wakifanya kazi na kifaa cha polaritoni huko Ufaransa, walichapisha mwaka 2017 vipimo vya eneo la kitanzi hicho kwa kasi mbalimbali na kuonyesha jinsi linavyopungua. Mwenye kupima haraka angeapa kwamba pana hali mbili thabiti. Mwenye subira ya kutosha angeona wastani mmoja tu. Wote wawili wangekuwa wamepima kifaa kimoja.

Hapo ndipo fumbo la zamani lilipofumbuliwa. Nadharia ya kawaida ya mwanga husema pana majibu mawili. Nadharia ya kwanta, kama ilivyofanyiwa hesabu na Peter Drummond na Daniel Walls mwaka 1980, husema jibu ni moja. Hazipingani. Jibu moja la kwanta ni wastani wa muda mrefu wa kifaa kinachorukaruka kati ya hali mbili, kikikaa kitambo huku na kitambo kule. Na kinachokirusha hakiwezi kuondolewa kabisa. Joto la fuwele linaweza kupunguzwa kwa kupoza, leza inaweza kutulizwa, meza inaweza kuwekewa springi. Lakini polaritoni hutoroka kupitia vioo moja moja, kwa nasibu, na mwanga huingia kwa punje. Kelele ya chenga hubaki hata katika maabara tulivu kuliko zote.

Mfasiri aliyezoea kelele ya Mtaa wa Kongo atashawishika kuandika kwamba kelele huharibu, huvuruga au hupotosha. Mara nyingi ni kweli. Mikongo ya baharini iliyofika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, husafirisha mapigo ya mwanga yaliyoanzia katika leza za nusukipitishi, na kila kikuza mwanga kilichowekwa njiani chini ya bahari huongeza kelele yake. Upande wa kupokelea, kifaa huamua kwa kizingiti: juu yake ni moja, chini yake ni sifuri. Kelele ikisukuma pigo kuvuka kizingiti lisipostahili, ujumbe umeharibika, na hapo kitenzi kuharibu kiko mahali pake.

Lakini si kila mahali. Mwaka 1981 Roberto Benzi, Alfonso Sutera na Angelo Vulpiani walieleza jambo linaloonekana kama kinyume cha akili, wakitafuta sababu ya enzi za barafu kurudi kila baada ya miaka kama 100,000. Turudi kwenye ubao. Mtu aubetue ubao polepole, kushoto kisha kulia, kidogo kiasi kwamba kete haiwezi kuvuka ukingo. Kete haisemi lolote kuhusu kubetuliwa huko. Sasa mtu mwingine autikise ubao kidogo kwa nasibu. Ubao ukielemea kulia, mtikiso mdogo unatosha kuirusha kete kulia. Ukielemea kushoto, hurudi. Kete imeanza kufuata mdundo ambao peke yake isingeuhisi, na imeweza kwa msaada wa kelele. Mtikiso ukizidi, kete hurukaruka ovyo na mdundo hupotea. Kuna kiasi cha kati kilicho bora. Jambo hili, resonansi ya nasibu, lilionyeshwa katika leza ya duara mwaka 1988, na katika polaritoni za galiamu arsenidi mwaka 2014 na watafiti wa Lausanne, Uswisi.

Sentensi iliyo hatari kwa mfasiri ni ile inayosema kwamba badiliko la hali limetokana na kelele. Tafsiri kama kelele ziliharibu hali ya kifaa ina sarufi safi na fizikia mbovu. Hakuna kilichoharibika, kifaa kimehama. Kelele zilikihamisha kifaa kutoka hali moja thabiti ya kitambo hadi nyingine ni sentensi inayosema kilichotokea bila kuhukumu. Vilevile, mruko ufaao kutaja badiliko la ghafla usichanganywe na mpito, ambao ni badiliko lenye hatua, kama katika serikali ya mpito.

Uangalifu huu una wenye kuudai. Katika shule za msingi za serikali Tanzania Bara mtoto hujifunza sayansi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hukuta ulimwengu uleule umebadilishiwa lugha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, wakati polaritoni za vioo vidogo zilikuwa hazijaonekana. Kinachofuata baada ya kamusi hiyo hakiwezi kuachiwa BAKITA peke yake. Huandikwa kila siku na mwalimu anayejaribu kueleza jambo kwa mwanafunzi aliyeuliza.

Tena ni mwanafunzi wa Tanzania aliyeuliza swali linalogusa moyo wa somo hili. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba alitengeneza aiskrimu na kuona kwamba mchanganyiko wake, uliowekwa barafuni ungali moto, uliganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne hakumcheka, aliagiza jambo lijaribiwe chuoni, na mwaka 1969 wawili hao walilichapisha. Kama maji moto huganda upesi kweli, na kwa sharti gani, wanafizikia wanabishana hadi leo. Maelezo mojawapo hutegemea hali thabiti ya kitambo: maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri yakiwa bado majimaji, yakingoja msukumo mdogo wa nasibu wa kuanzisha barafu, na ngoja hiyo haina urefu mmoja.

Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada waliacha barafu kabisa. Walichukua chembe ndogo ndani ya maji, wakaitengenezea kwa mwanga wa leza mashimo mawili yenye vina tofauti, wakaacha molekuli za maji ziitikise. Kwa kuchagua maumbo ya mashimo hayo, walionyesha kwamba mfumo ulioanza ukiwa moto zaidi unaweza kufikia utulivu wa baridi kabla ya ule ulioanza ukiwa vuguvugu. Kete moja, mashimo mawili, kelele, na mwanga: swali la Magamba lilikuwa limefika kwenye ubao uleule.

Jina la jambo hilo lina tatizo moja ambalo halimpati mfasiri wa lugha nyingine yoyote. Katika Kiswahili Mpemba ni mtu wa kisiwa cha Pemba, na athari ya Mpemba, ikisomwa kwa sauti darasani mahali ambapo herufi kubwa haisaidii, huweza kueleweka kuwa habari za Wapemba. Wingi wake, Wapemba, huongeza utata, na kivumishi cha Kipemba huukamilisha. Katika utajo wa kwanza inafaa kuandika athari ya Erasto Mpemba, kwa majina yote mawili. Baada ya hapo jina moja linatosha.